Picha Ilichelewa Hemani

Bombambili, Songea
Alhamisi, baada ya alasiri

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo mama, na amani ya Mungu iwe juu yako na juu ya wote walio uani hapo Nalasi. Mguu unaendeleaje? Ile dawa ya kuchua niliyomkabidhi kondakta ilikufikia, au alijichulia mwenyewe njiani? Niambie pia kama mmemaliza kupulizia salfa kwenye ile mikorosho ya bondeni, maana mwaka jana mlichelewa na ugonjwa wa ubwiri ukala maua yote. Mimi ni mzima wa mwili, alhamdulillahi. Huku baridi ni kali, asubuhi ukifungua mdomo unatoka moshi, na sweta lile ulilonifumia ndilo linaloniweka hai.

Utajiuliza kwa nini naandika wakati simu ipo. Ukipigiwa simu unaiweka spika, unaishika mbali na sikio, na nyumba nzima inasikia, mpaka jirani aliyekuja kuomba chumvi. Haya nataka uyasome wewe kwanza, na miwani yako, mlango umeufunga. Ni habari ya mjomba Ausi na harusi ya Somoe. Dada Rehema ameniambia jinsi mjomba alivyorudi amevimba, na kwamba ameapa Somoe akija na mumewe kuonyeshwa kwa wakubwa hataufungua mlango wake. Mama, Somoe hana kosa. Baba yake hana kosa. Mwenye kosa ni mimi. Niache nieleze tangu mwanzo, na nakuomba usikasirike kabla hujamaliza kurasa zote.

Kazi yangu hapa kwa Mama Ukumbi unaijua. Huyu ndiye mwenye ukumbi wa sherehe, mama wa Kingoni mwenye sauti ya kuita watu ng'ambo ya barabara, na jina lake la kweli watu wameshalisahau. Kwa miaka sita mimi ndiye niliyekuwa mtu wake wa picha na sauti. Sherehe ikiwa kubwa watu hujaa ndani, wengine hukaa nje kwenye hema, na lazima wa hemani nao waone bibi harusi anavyolishwa keki. Kwa hiyo mimi nilitandaza nyaya kutoka kwenye kamera hadi kwenye kila runinga, kila runinga waya wake, nyaya nene zisizopenda kukunjwa, na ukizivuta mbali mno picha inaanza kutoa chengachenga. Nilizijua moja moja. Niliijua ile inayotaka kushikiliwa na gundi, na ile isiyokubali kufanya kazi mpaka uizungushe kidogo kulia. Harusi ikiisha Mama Ukumbi alikuwa anasema mbele za watu, "Bila Bakari hapa pangekuwa giza." Mama, maneno hayo yalinishibisha kuliko pilau.

Mwaka huu akaja Faustini. Ni kijana wa Maposeni, kwao wanalima mahindi, amesomea mambo ya kompyuta chuoni. Ni mrefu, mpole, Jumapili haikosi misa ya kwanza, na anamwamkia kila mtu mpaka mlinzi wa geti. Nilimchukia siku hiyohiyo. Ningeweza kukuandikia kwamba nilimtilia shaka, au kwamba hatukuelewana, lakini nitakuwa nakudanganya. Nilimchukia kwa sababu alikuwa anajua.

Alimwambia Mama Ukumbi kwamba nyaya zangu zote zinaweza kutolewa. Kamera inaingia kwenye kisanduku kidogo. Kisanduku kinasukuma picha na sauti kwenye waya mwembamba wa mtandao, waya unaingia kwenye swichi, yaani kigawanyio chenye matundu mengi, na kutoka hapo kila runinga inachota picha ileile kwa kisanduku chake. Unataka runinga ishirini, unachomeka ishirini. Mama Ukumbi akauliza swali ambalo hata wewe ungeuliza.

"Na bando litalipwa na nani?"

Faustini akatabasamu kwa adabu. "Haili bando, mama. Haitoki nje ya ukuta wetu. Hata intaneti ikikatika mji mzima, humu ndani picha inatembea."

Akawasha. Mama, picha ile sijapata kuiona ukumbini kwetu. Kwenye runinga ya jikoni, mwisho kabisa wa jengo, uliweza kuhesabu nyuzi za kitambaa cha meza ya mbele. Wapishi waliacha masufuria wakaja kutazama. Mama Ukumbi alimshika Faustini begani akasema, "Mwanangu, umetuvusha." Mimi miaka sita ananiita "wewe Bakari". Siku ile nilikunja nyaya zangu nikazitia kwenye gunia la mahindi, nikalipeleka stoo, na hakuna aliyeniuliza nabeba nini.

Tangu hapo kila kitu chake kiliniuma. Akiletewa chai kabla yangu, roho inaniuma. Akinieleza jambo polepole ili nielewe, inaniuma zaidi, maana nilikuwa naelewa. Wateja walianza kuja wakiuliza, "Yule kijana wa picha kali yupo?" Mimi nimesimama hapohapo mlangoni na bisibisi mkononi. Nilikuwa naomba kimoyomoyo kitu kimharibikie, kidogo tu, mbele ya Mama Ukumbi. Ndiyo dua niliyokuwa naiomba, na Mungu anisamehe.

Ndipo ikaja harusi ya Somoe. Wewe hukuweza kuja kwa ajili ya mguu, lakini vikao vyote ulivisikia kwenye simu. Unajua mvutano ulivyokuwa. Baba yake Somoe ni Mngoni wa hapahapa mjini, na kwao mtoto ni wa baba. Kwetu mtoto ni wa mjomba. Marehemu mama mdogo, mama yake Somoe, angekuwa hai angewapatanisha kwa kicheko kimoja, lakini hayupo, na wazee walivutana vikao vitatu mpaka wakakubaliana hivi: msikitini baba ataozesha, na ukumbini mjomba ndiye atakayesimama na kusema mtoto huyu ni wa nani kabla keki haijakatwa. Mjomba Ausi alilipokea neno hilo kwa mikono miwili. Rehema alinisimulia kwamba alikuwa analifanyia mazoezi shambani, peke yake, kofia kichwani.

Asubuhi ya harusi Faustini alinipa kazi ya hema. Alinikabidhi swichi mpya na waya uliokwisha kupimwa, halafu akaniambia mbele ya vibarua wa viti, "Kaka Bakari, tafadhali usitumie ile ndogo ya stoo, haiwezi mzigo huu."

Ile ndogo ya stoo ni yangu, mama. Niliinunua mwenyewe mwaka wangu wa kwanza hapa, tukaitumia kwa kamera za ulinzi. Nilipoingia stoo nikaikuta amebandika karatasi juu yake, ameandika kwa kalamu nyekundu ISITUMIKE. Nikaibandua karatasi, swichi yake mpya nikaiacha kwenye boksi, nikaenda kuichomeka yangu hemani. Nilijiambia nitamwonyesha kwamba vitu vya Bakari bado vinafanya kazi.

Vikafanya kazi. Picha ikaja safi, sauti ikaja safi. Lakini mshereheshaji alikuwa ndani anajaribu kipaza sauti, nami nilimwona dirishani mdomo wake ukisema moja mbili, moja mbili, na runinga ya hema ipo kimya. Nikahesabu. Nilifika kumi ndipo moja mbili ikatoka. Swichi yangu ilikuwa inapitisha mzigo kwa tabu, na kile kisanduku cha hemani kilikuwa kinaungoja, kinaukusanya, halafu ndipo kinaonyesha. Anayetazama hemani peke yake asingejua kitu. Sauti ya ndani nayo isingemfikia, kwa sababu jenereta lilikuwa nyuma ya hema linanguruma.

Faustini akapita anakimbia. "Kaka, umepima hema?"

"Nimepima. Safi."

Akaniamini, akaenda zake. Hapo ndipo lilipoanzia, mama. Nilikuwa nimeshaona. Nilifikiri jambo lenyewe litakuwa dogo: ndani watacheka, nje watacheka baadaye, Mama Ukumbi atatoka na kushangaa, atamwita Faustini, na mimi nitasema, "Nyaya zangu hazikuwa na mambo haya." Sentensi hiyo nilikuwa nimeshaiandaa.

Basi la Tunduru lilikata mkanda njiani, hilo unalijua. Watu wetu walifika sherehe imeshaanza, ndani pamejaa, na wapokea wageni wakawaketisha hemani. Sikuwa na habari. Nilikuwa nazunguka kuangalia waya ndipo nikamwona mjomba Ausi mstari wa mbele, kanzu nyeupe, koti jeusi, kofia yake ya viua, amenyooka kama amekuja kupigwa picha.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba, mwanache wangu, mtoto wa dada." Akanivuta mkono nikae karibu yake. Alikuwa anaitazama runinga kwa furaha. "Hebu ona, Bakari. Mpaka jasho la mpiga ngoma linaonekana. Umefanya wewe hii?"

Ningesema ndiyo angefurahi. Lakini mzee mmoja pembeni akadakia, "Ah, si huyu. Ni yule kijana mrefu, wa Maposeni. Huyu anamsaidia."

Mjomba akatikisa kichwa taratibu. "Yule kijana ni fundi kweli. Na wewe ukae naye karibu ujifunze, siyo kushika bisibisi tu mpaka uzeeke."

Alisema kwa mapenzi. Nalijua hilo sasa, na hata pale nililijua. Lakini mimi niliyapokea kama dharau. Mjomba wangu mwenyewe, aliyeninunulia redio mbovu nikiwa mdogo ili nipate kuifungua na kuifunga, anamsifu Faustini mbele yangu. Nilipaswa kusema, "Mjomba, njoo ndani, hapa utasikia kwa kuchelewa, na neno lako linakaribia." Maneno hayo yalifika mdomoni. Nikainuka nikasema, "Haya mjomba, sherehe njema," nikaondoka. Kufikia wakati ule mzigo ulikuwa umezidi kurundikana, na kutoka ndani hadi hemani ulikuwa unaweza kuhesabu zaidi ya mia na hamsini.

Yaliyofuata unayo kwa upande wa mjomba. Sikiliza na ya ndani. Mshereheshaji alimwita mjomba wa bibi harusi. Kimya. Akaita mara ya pili, watu wakapiga makofi ya kumhimiza. Kimya. Mtu mmoja akasema watu wa Tunduru basi lao limeharibika, hawajafika. Akaita mara ya tatu, kama ilivyo desturi, halafu wote wakamgeukia baba yake Somoe. Mama, nilikuwepo, nilimwona. Yule mzee alikataa kwanza, akatazama mlangoni. Alisimama kwa sababu binti yake alikuwa amesimama mbele ya watu wote hana wa kumsemea. Akasema maneno mafupi, kisu kikashuka kwenye keki, vigelegele vikapigwa.

Nje ndiyo kwanza mjomba alikuwa anasikia akiitwa mara ya kwanza. Akasimama, akaweka koti sawa, akangoja watu wa hemani wampishe, akatembea kwa heshima zote mpaka mlangoni. Alipoingia ameinua mkono kuitikia, Somoe alikuwa ameupa mlango kisogo, analishwa keki. Mshereheshaji hakumjua. Akaona mzee ameingia na mkono juu wakati wa keki, akasema kwenye kipaza sauti, "Mzee wetu, keki ipo ya kutosha, usiwe na haraka."

Ukumbi mzima ukacheka. Na mimi niliyesimama nyuma ya spika nilikiona kicheko kile kikimpata. Mkono ulishuka polepole. Akamtazama Somoe kidogo, akageuka, akatoka. Ninyi mnasema Wangoni walimdhulumu kwa makusudi, walimkalisha nje ili wamchukue mtoto. Nisingekuwa na wivu wangu, angeitwa mara moja tu na angeitikia.

Asubuhi yake Mama Ukumbi akatuita wote wawili. Alikuwa amepata aibu, maana baba yake Somoe alikwenda kulalamika kwake kwamba shemeji yake ameondoka kwa hasira. Akauliza hema lilikuwa na nini. Mimi niliinamisha kichwa. Faustini akasema, "Mama, nilipaswa kupima mwenyewe. Sikupima." Hakusema kwamba aliniuliza, wala kwamba nilimjibu safi. Akafukuzwa. Akarudi Maposeni kwao kupukuchua mahindi, na mimi nikarudishiwa funguo za stoo. Nilipata nilichokuwa nakiomba, nikaenda nazo mfukoni zinagongana, na furaha nikaitafuta nisiione.

Wiki iliyopita alikuja kuchukua kifaa chake cha kupimia waya. Nikamfungulia stoo. Swichi yangu ndogo ilikuwa pale juu ya rafu, na ile mpya iko pembeni, haijatolewa hata kwenye boksi lake. Akavitazama vyote viwili. Nikajua amejua.

"Kaka Bakari," akasema, "karatasi ile niliiandika vibaya. Ningejua swichi ni yako ningekuja kukuambia wewe mwenyewe, siyo kuibandikia."

Basi. Akachukua kifaa chake, akanishika mkono, akaondoka. Kwa Mama Ukumbi hakupita. Mama, unafikiri nililia kwa kumwonea huruma? Nilipandwa na wivu upya, mbaya kuliko wa kwanza. Nilikuwa nimeshakubali kwamba kwa mashine amenizidi. Sasa hata kwa uungwana amenizidi, na hakufanya bidii yoyote. Nilikaa juu ya gunia la nyaya zangu mpaka nikaitwa mara mbili.

Jana nilikwenda nikamwambia Mama Ukumbi yote. Alikuwa anachambua mchele, hakuinua uso. Akanyoosha kiganja, nikamwekea funguo. "Faustini nitamrudisha," akasema. "Wewe utabeba viti mpaka nikuone una akili. Lakini sijui unaniungamia mimi ya nini. Mimi ndiye niliyechekwa?"

Ndiyo sababu ya barua hii. Faustini anarudi Jumatatu, na nakwambia kweli, nikifikiria tu nitakavyokuwa namvutia waya yeye akiwa mkubwa wangu, bado natamani asirudi. Wivu haujatoka. Sina uhakika utatoka. Lakini Somoe anakuja Nalasi na mumewe Jumamosi ya wiki ijayo, ameshashona vitenge vya kuwaletea, na hajui kwamba kuna mlango utakaofungwa usoni pake. Mwenyewe anadhani mjomba ndiye aliyemkataa, kwamba alichelewa kwa makusudi ili asimsemee. Kila mmoja amelala na uchungu wa kumdhania mwenzake, na ni mimi peke yangu ninayejua kwamba wote wawili walikuwa wanangojana.

Unajua kwetu aliyemkosea mjomba hasimami mbele yake kabla dada yake mjomba hajatangulia na neno. Wewe ndiye dada yake. Nakuomba utangulie, hata kwa kuegemea fimbo. Mimi nitafika Ijumaa, siku moja kabla ya Somoe, nitakaa kwa Rehema mpaka niitwe. Faini atakayoitaka nitaitoa, akisema nimpigie magoti mbele ya watu wa msikitini nitapiga. Kama lazima mlango wake umfungie mtu mwaka huu, unifungie mimi. Somoe apite, na mjomba alitamke lile neno lake alilolifanyia mazoezi shambani, hapohapo uani, bila waya wowote.

Nisalimie dada Rehema na shemeji, uwaambie nitalala popote hata penye magunia ya korosho. Nisalimie bibi mkunga, na mwalimu wangu wa madrasa kama macho yake bado yanamruhusu kukutambua ukipita. Nisalimie mke wa mjomba kwa heshima.

Mjomba usimpe salamu zangu. Mpe kurasa hizi azisome mwenyewe, hata pale nilipoandika alivyonisifia Faustini. Akiuliza kama nilijua kwamba yuko pale hemani, mjibu kwamba nilijua, kwamba alikuwa amenishika mkono.

Mimi mwanao,
Bakari